Mwanamke wa Kiti na Mwanamke wa Maji

Husemwa mara nyingi kwamba zamani wanawake wetu walikuwa wazuri jinsi walivyoumbwa, na kwamba leo wanajiharibu kwa kufuata mambo ya kigeni. Neno hili linapendeza masikio, lakini si la kweli. Anayetaka kuhukumu uzuri wa mwanamke yafaa kwanza aangalie mafundi wa inchi yetu, na wageni waliopita humu, namna walivyouonyesha. Kazi zao zipo. Zaweza kutazamwa na kupimwa. Sisi tumechagua tatu: kiti, foto, na sanamu ya rangi.

I. Kiti cha Buli

Katika inchi ya Baluba, upande wa mto Lualaba, kuna kijiji kiitwacho Buli. Jina lake limejulikana duniani kwa sababu ya mchongaji mmoja, au pengine kundi dogo la wachongaji. Mbelgiji Frans Olbrechts, mwenye kitabu Plastiek van Kongo cha mwaka 1946, alitambua kwamba sanamu kadhaa zilizotawanyika katika makumbusho ya Ulaya zina uso wa namna moja, mrefu na mwembamba, akazikusanya chini ya jina la kijiji hicho. Kati yake kuna viti vya watawala. Mwanamke amebeba kikalio juu ya kichwa na ncha za vidole.

Mgeni akimwona atadhani ni mtumwa aliyelemewa. Na atazame tena. Vidole vinagusa tu, havishindani na mzigo. Macho yameinama kama ya mtu anayesikiliza. Tena uso huo si wa msichana hata kidogo: mifupa ya mashavu imetokeza, nyama imepungua, ni uso wa mama aliyeona mengi. Fundi hakuhesabu umri kuwa upungufu. Kwake yeye, miaka iliongeza kitu.

Tushuke sasa kwenye mwili. Tumbo lina chale, na nywele za nyuma zimepangwa kwa ustadi. Nywele za namna hiyo zilikuwa kazi ya saa nyingi, na ndiyo maana Baluba walichonga viegemeo vya kulalia, kusudi usiku usiharibu kazi ya mchana. Chale nazo hazikuwa pambo tupu. Baluba wana ubao uitwao lukasa, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuugusa na kidole, wakisimulia habari za wafalme. Na alama zilizochorwa juu ya ubao huo zinafanana na chale za mwili wa mwanamke. Mulopwe alipokufa, mwanamke aliyeitwa mwadi alitunza makao yake, na watu waliamini kwamba roho ya marehemu inakaa ndani yake. Walisema mwili wa mwanamke peke yake una nguvu ya kuhifadhi siri kubwa namna hiyo.

Basi hapa uzuri ni kazi. Mtu hazaliwi nao. Anafanyiwa na mikono ya wenzake, anaupokea kidogo kidogo, na jirani anaweza kuusoma. Wanaotuambia juu ya uzuri wa zamani usioguswa na mkono wa mtu hawakuangalia kiti hiki. Hata hivyo tusikisifu kupita kiasi. Wembe ulikata na damu ilitoka. Na mwanamke huyu alibeba heshima ya inchi, lakini aliyekaa juu yake alikuwa mwingine.

II. Foto ya Nobosudru

Kazi ya pili inatoka kaskazini, kwa Mangbetu. Kule watu wa ukoo wa watawala walifunga kichwa cha mtoto mchanga kwa kamba, ili kikue kirefu kwa nyuma. Kiisha, mwanamke mzima alisuka nywele zake juu ya umbo hilo hata zikafunguka kama taji. Desturi hii iliisha katikati ya karne ya 20.

Mwaka 1924 na 1925 magari ya kampuni ya Citroën yalivuka Afrika. Safari hiyo ilitoa sinema, La Croisière noire, ya mwaka 1926, iliyotengenezwa na Léon Poirier, tena ilitoa foto ya mwanamke wa Mangbetu aitwaye Nobosudru. Ameonyeshwa kwa upande, ili kichwa chote kionekane. Foto hiyo ilienea Ulaya, na mchongaji wa Ufaransa, François Bazin, alifanya sura ya namna hiyo kuwa pambo la mbele ya gari. Kwa miaka iliyofuata, wapiga foto wengine kama Casimir Zagourski waliuza kadi za posta zenye wanawake wa namna hiyo. Yeye aliuita mfululizo wake L'Afrique qui disparaît, maana yake Afrika inayotoweka.

Tusiseme kwamba foto ni mbaya. Mstari wa kichwa, shingo na nywele ni wa ajabu, na aliyeushika kwa kamera alikuwa na jicho. Kasoro iko mahali pengine. Katika kiti cha Buli mwanamke anatazamwa na watu wanaojua kumsoma. Hapa anatazamwa na watu wasiojua neno moja la habari yake. Kichwa kilichosema kwao "huyu ni wa ukoo wa watawala" kinasema Paris "hii ni Afrika." Alama imebaki, maana imeanguka njiani.

Tena sokoni mambo yalirudi nyuma hata kumfikia fundi mwenyewe. Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kitabu chao African Reflections cha mwaka 1990, walionyesha kwamba vyungu na vinubi vya Mangbetu vyenye vichwa vya watu viliongezeka sana kwa sababu wageni walivitaka. Mnunuzi alileta mfano wa uzuri aliokuja kuutafuta, na fundi akamtengenezea.

III. Mamba Muntu

Kazi ya tatu ni ya kwetu kabisa, tena ya mjini. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliuza sanamu za rangi kwa wafanyakazi wa migodi na kwa makarani. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walizichunguza wakati ule, wakaandika kwamba wenyeji waliziita ukumbusho. Mchoraji aliyejulikana kupita wengine ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi yote. Lakini sanamu iliyopendwa sana katika saloni za watu ilikuwa ya Mamba Muntu, mwanamke wa maji.

Juu ni mwanamke, chini ni samaki. Ngozi yake ni nyeupe au ya manjano, nywele ni ndefu na zimenyooka hadi mabegani, na mara nyingi amevaa saa mkononi. Inasimuliwa kwamba mwanaume akipata unywele wake au kitu chake atatajirika, lakini kuna sharti la siri, na mwisho si mwema. Hana mtoto, hana shoga, hana mama. Mwili wake hauna chale hata moja. Ngozi hii ni ukurasa ambao hakuna aliyeuandika.

Wengine watasema kwamba wachoraji walifundisha watu kupenda weupe. Sisi hatukubali. Wachoraji walionyesha tamaa pamoja na bei yake. Mfanyakazi aliyekaa chini ya sanamu hiyo jioni alijua kwamba mshahara hautoshi, kwamba utajiri wa haraka una mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo ana sura ya kigeni. Ni sanamu ya onyo. Lakini onyo likipendeza macho hivi, macho yanasahau masikio yalichosikia. Huo ndio udhaifu wake, nao si mdogo.

IV. Hukumu yetu

Tuziweke sasa zote tatu pamoja. Mwanamke wa kiti aliongezewa alama. Mwanamke wa foto aliachiwa alama, akanyimwa maana. Mwanamke wa maji hana alama yoyote. Hii ndiyo njia tuliyoipita, na leo tumefika mbele zaidi: telefone inafuta makunyanzi, inapunguza pua, inang'arisha ngozi, yote kabla msichana hajaona foto yake mwenyewe. Na kile ambacho telefone inafanya kwa mwanga, mafuta ya sokoni yanafanya kwa sumu. Dawa nyingine za kuchubua ngozi zina zebaki, ambayo inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikusudia kuiondoa zebaki katika vipodozi, lakini msichana aliye mbele ya meza ya muuzaji hasomi mkataba. Anasoma sura iliyobandikwa juu ya kopo.

Wako wanaotaka kuponya jambo hili kwa amri. Inchi hii ilijaribu: katika miaka ya 1970, wakati wa authenticité, wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia. Hapo mwili wa mwanamke uligeuka ubao wa Serikali, kama ulivyokuwa ubao wa mpiga foto. Amri haikumwuliza yeye neno.

Wengine hujibu upesi: uzuri si sura, ni tabia. Ni kweli, lakini mara nyingi husemwa na mwanaume ambaye kesho yake atamchagua aliye mweupe. Msichana si kipofu. Anaona ni nani anayesifiwa katika arusi, ni nani anayewekwa mbele ya duka kupokea wageni, na ni uso gani unaochorwa juu ya ukuta wa saloni ya nywele. Hayo ndiyo mahubiri anayoyasikia.

Kwa hiyo hatuwaambii wasichana warudi kwenye wembe, wala hatuwaombei kamba ya Mangbetu. Mtoto yule hakuulizwa. Tunachotaka kuokoa katika kiti cha Buli ni kitu kimoja: uso wa mama mzee uliochongwa kwa heshima ile ile ambayo wengine wanaitoa kwa ujana tupu. Wachoraji na wapiga foto wetu wana ustadi wa kutosha. Na watuonyeshe nyuso ambazo miaka imeandika juu yake. Na sisi tunaotazama, hasa wanaume, tujifunze upya kusoma.