Uwanja Ndio Unaochagua Kiatu

Tarehe 2 Mei 2007, ndani ya Palma Arena kisiwani Mallorca, Hispania, palichezwa mechi kwenye uwanja wa tenisi wa ajabu: upande mmoja wa wavu nyasi, upande wa pili udongo mwekundu. Kazi ya kuujenga ilichukua siku 19 na kula zaidi ya dola milioni 1.6 za Marekani. Roger Federer aliingia akiwa na ushindi wa mechi 48 mfululizo kwenye nyasi, hajafungwa huko tangu Wimbledon ya 2002. Rafael Nadal, mzaliwa wa kisiwa hicho, alikuwa na 72 mfululizo kwenye udongo, tangu Aprili 2005. Nadal alishinda kwa 7-5, 4-6, 7-6, na taibreki ya mwisho ilikwenda mpaka 12-10.

Matokeo hayo yameandikwa sana. Mimi navutiwa na kipengele kimoja cha maandalizi: wachezaji walipewa dakika 2 kila walipopumzika kubadilishana pande, badala ya sekunde 90 za kawaida, ili wapate nafasi ya kuvua viatu na kuvaa vingine. Waandaaji hawakuona haja ya kuwapa muda wa kubadili raketi. Kilichohitaji kubadilika kila mtu alipovuka wavu ni soli. Ukielewa kwa nini, umeshaelewa sehemu kubwa ya namna ya kuchagua kiatu cha tenisi.

Tuanze na upande wa Nadal. Uwanja wa udongo wa Roland Garros mjini Paris, ambao ndio kipimo cha viwanja vya aina hiyo, una wekundu wa juu juu tu. Ile rangi ni unga wa matofali yaliyosagwa, unene wake milimita 1 hadi 2. Chini yake kuna tabaka la chokaa iliyoshindiliwa, sentimita 6 au 7, gumu kabisa. Kwa hiyo mguu wa mchezaji unatua juu ya chembe zinazobiringika kwenye sakafu ngumu, kama mchele uliomwagika jikoni. Usipokuwa na soli inayofaa, unateleza usipotaka, na unapotaka kusukuma mguu urudi katikati, hupati pa kukanyagia.

Soli ya udongo ina mistari ya zigizagi kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, bila kukatika. Kingo za mistari hiyo hupenya kwenye unga na kushika tabaka la chini pale mchezaji anapojisukuma. Akiingia kwa kasi kwa ubavu, soli hiyo hiyo huachia na mguu ukateleza kwa mpangilio. Nadal alianza kuteleza kabla ya kupiga mpira, akapiga wakati mtelezo unakwisha, na hatua iliyofuata ilikuwa tayari inamrudisha katikati. Aliyezoea uwanja wa saruji hufanya kinyume: anakimbia, anapiga, ndipo anateleza, na kufikia hapo ameshachelewa kurudi.

Mifereji ya zigizagi ina upana wake maalumu. Ikiwa myembamba mno, udongo wenye unyevu huganda ndani na soli ikawa kipara. Ndiyo sababu kati ya pointi na pointi mchezaji wa udongo huinua mguu na kugonga ubavu wa kiatu kwa fremu ya raketi. Watazamaji wengi hudhani ni tabia tu au mkosi anaoufukuza. Anasafisha breki zake. Kitambaa cha juu nacho hufumwa kikiwa kimebana, maana chembe za tofali zikiingia ndani huchubua ngozi kabla seti ya kwanza haijaisha.

Sasa vuka wavu. Nyasi za Wimbledon tangu 2001 ni aina moja tu, ryegrass, na wakati wa mashindano hukatwa kwa urefu wa milimita 8. Jani bichi lina maji ndani yake. Ukilikanyaga linapondeka na kutoa utelezi, na zigizagi bapa hupita juu yake bila kushika kitu. Hapo kinachotakiwa ni vinundu vidogo vya mpira vilivyoenea soli nzima, vinavyozama kati ya majani. Sheria za mashindano makubwa zinakataza vinundu kwenye ukingo unaozunguka vidole, kwa sababu mchezaji anayeburuta ncha ya kiatu wakati wa kuanzisha mpira angeng'oa nyasi vipande vipande.

Hata hivyo kiatu sahihi hakitoshi kwenye nyasi. Wimbledon ya 2013 ilionyesha hilo kwa uchungu. Victoria Azarenka aliteleza katika raundi ya kwanza, goti likaumia, akajitoa kabla ya mechi iliyofuata. Siku hiyo hiyo aliyojitoa, Maria Sharapova alianguka mara kadhaa na kutolewa. Hawa walikuwa na viatu bora kabisa vya nyasi. Siku za mwanzo za mashindano uwanja unakuwa bado mbichi, na anayepona ni yule anayepiga hatua fupi fupi huku magoti yamekunjwa, asiyetegemea mtelezo kumwokoa.

Kwenye uwanja mgumu, yaani saruji au lami iliyopakwa rangi iliyochanganywa na mchanga, tatizo ni jingine kabisa. Huko hukosi kushika, unashika kupita kiasi, na ule mchanga unasugua soli kila hatua. Kiatu chake kina mpira mgumu na mnene zaidi, kinga ya ziada kwenye ncha ya dole gumba, na sifongo ya kupokea kishindo, kwa kuwa ardhi yenyewe hairudi chini hata kidogo. Novak Djokovic huteleza hata hapo, miguu ikiwa imetanuka karibu kufika sakafuni. Sipendi kuona makocha wakiwaachia watoto wa miaka 12 wamwige. Mtelezo ule unabebwa na vifundo na nyonga zilizonyooshwa kwa miaka mingi. Kwa mtoto, mguu ukinasa ghafla kwenye saruji ni kano inayokatika.

Tukirudi nyumbani, mambo haya yanatugusa moja kwa moja. Nairobi ina klabu zenye viwanja vya udongo, na mashindano kadhaa ya kimataifa yamechezwa juu yake. Angella Okutoyi wa Kenya alikulia katika tenisi ya mji huo, na Julai 2022 akatwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Taji lile lilipatikana kwenye nyasi. Mchezaji wa kwetu anayepanda ngazi lazima ajifunze kutembea upya kila ardhi inapobadilika, na kujifunza huko kunaanzia kwenye soli.

Lakini wengi wetu hatununui kiatu cha tenisi. Tunanunua raba, na mara nyingi ni raba ya kukimbia, kwa sababu ni nyepesi, laini, na ipo kwenye kila meza ya mtumba. Hili linaumiza watu. Kiatu cha kukimbia kimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele. Kisigino chake kimeinuliwa na sifongo yake ni nene na laini. Mcheza tenisi anapokwenda kasi pembeni kisha akafunga breki, ile sifongo inabonyea upande wa nje, mguu unapinduka juu yake, na kifundo kinateguka.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya muuzaji, usianze na rangi. Kishike kiatu kwa mikono miwili, kisigino huku, ncha kule, ukisokote. Cha tenisi kitakataa kusokotwa katikati. Cha kukimbia mara nyingi kitazunguka bila shida. Kisha kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa dole gumba, na kikibonyea kama kitambaa, kirudishe. Mwisho kiweke mezani ukitazame kwa mbele. Upande wa nje, usawa wa kidole kidogo, soli iwe imetokeza kidogo kuliko kitambaa. Ule mtokezo ndio unaokuzuia kupinduka.

Kipimo chukua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku, na uvae soksi utakazochezea. Acha nafasi ya karibu upana wa dole gumba mbele. Kila unapofunga breki mguu unasogea mbele ndani ya kiatu, na kucha nyeusi za wachezaji wengi zinatokana na nafasi hiyo kukosekana. Funga kamba hadi tundu la juu kabisa ili kisigino kisipande na kushuka.

Kwenye mtumba kuna jambo moja zaidi. Soli inaweza kuonekana nzima ilhali sifongo ya ndani imeshakufa. Bonyeza ubavu wa soli: ukiona mikunjo midogo mingi isiyorudi, kiache hata kama bei ni ya kutupa.

Na mwenye uwezo wa jozi moja tu, anayecheza saruji leo na udongo Jumamosi? Achukue ya uwanja mgumu yenye zigizagi nyingi sehemu ya mbele. Kwenye udongo itateleza zaidi kidogo kuliko inavyopaswa, na hilo unaweza kulizoea. Ya udongo ukiipeleka kwenye saruji, mpira wake laini utaisha upesi, kwanza chini ya dole gumba la mguu unaouburuta unapoanzisha mpira. Hapo ndipo pa kukagua kila mwezi. Zigizagi ikishafutika sehemu hiyo na ukaona tabaka la rangi nyingine linachungulia, jozi hiyo ibaki ya kwendea dukani.