Mwana aliomba 'ushauli', baba akajibu kwa kalamu nyekundu

MAMA mmoja wa Njoro alinisimamisha juzi tulipokuwa tukitoka katika kikao cha kamati ya harusi, akanipa simu yake. "Mwalimu, hebu soma hapa." Ulikuwa ujumbe wa bintiye, muuguzi wa miaka thelathini na mmoja: "Mum nime fika salama, sikupiga kwasababu simu ilizima." Nikasoma, nikafurahi kwamba binti amefika. Kumbe silo nililoitiwa. Mama alikuwa akinyooshea kidole "nime fika" na "kwasababu". Akaniuliza, "Na mimi nimemlipia karo miaka kumi na sita! Nisimrekebishe?"

Swali hili huletwa kwangu mara nyingi kuliko msomaji anavyoweza kudhani, aghalabu na wazazi waliosoma, na hasa walimu wenzangu. Zamani jibu langu lilikuwa jepesi: kosa ni kosa, na mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Nimeacha kulitoa jibu hilo, na sababu yenyewe hainipi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita mwanangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka ishirini na saba na akifanya kazi Naivasha, aliniandikia usiku: "Mzee, wametuachisha kazi leo. Mum asijue kwanza. Nilikuwa naomba ushauli wako." Nilikuwa mezani nikisahihisha insha za kidato cha nne, kalamu nyekundu mkononi. Nikamjibu neno moja: "Ushauri." Niliona ni utani wa baba na mwana. Nilikusudia kumpigia asubuhi tuongee vizuri. Asubuhi hakushika simu. Kwa miezi kadhaa baadaye sikupata kwake ila "Sawa", "Poa" na "Niko salama", yaani maneno ambayo hata ukitaka kuyakosea huwezi. Mengine alimweleza mamake kwa mdomo, nami nikawa nayapata kwa mzunguko kama mpangaji.

Hebu tulitazame kosa lenyewe kitaalamu, maana lina habari ndani yake. Lugha yetu ya nyumbani ni Gikuyu, na Gikuyu hakina sauti ya /l/ iliyo tofauti na /r/ kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa hivyo kosa linalotarajiwa kwa Mgikuyu ni kuandika "kura" mahali pa "kula", au "rakini" mahali pa "lakini". Mwanangu alifanya kinyume: aliweka /l/ mahali ambapo /r/ ilikuwa sahihi kabisa. Wanaisimu huliita jambo hili usahihishaji uliopita kiasi. Mtu ameonywa mara nyingi sana kuhusu sauti fulani hata anaishuku kila anapokutana nayo, naye huikimbia hata pale ilipo na haki ya kukaa. William Labov alipochunguza usemi wa jiji la New York katika miaka ya sitini, aliona kwamba watu wa tabaka la kati la chini, wanapojichunga sana, walitamka /r/ nyingi kuliko hata wale wa tabaka la juu yao waliokuwa wakiwaiga. Hofu iliwapitisha kituo.

Ni nani aliyemtia mwanangu hofu hiyo ya /r/? Si shule pekee. Ni mimi, tangu akiwa darasa la tatu, mezani, mbele ya wageni, njiani tukienda kanisani. "Si kura, ni kula." Basi "ushauli" ule ulikuwa kazi ya mikono yangu ikinirudia, nami nikaipiga mstari mwekundu.

Mwalimu mwenzangu hapa Nakuru, mtu ninayemheshimu, hushikilia kwamba mtoto asiyerekebishwa na mzazi atarekebishwa na mwajiri, na mwajiri hana huruma. Husisitiza hoja yake kwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Methali yenyewe inampinga. Mtu wa miaka thelathini si samaki mbichi; ukimkunja, anavunjika au anakuponyoka. Hata hivyo hoja ya mwajiri ina uzito, nami nitairudia.

Kwanza tuulize kosa ni lipi, kwa sababu wazazi huweka mengi kwenye kapu moja. Liko kosa la simu. Simu nyingi huku kwetu zimewekwa kwenye Kiingereza, ukiandika "hapa" zinataka kukupa "happy", na mzazi anamlaumu mtoto kwa jambo lililofanywa na mashine. Uko pia uandishi wa makusudi. Kizazi kilichopata simu wakati ujumbe mfupi ulikuwa na kikomo cha herufi 160 kilijifunza kubana: "cjui", "ctaki", "xaxa", "nko". Wazee tulilia kwamba lugha imekufa. Lakini tazama "cjui" kwa makini. Aliyeandika hivyo anajua kuwa herufi C kwa Kiingereza husomwa "si", anajua kwamba kikanushi cha nafsi ya kwanza ni "si", na ameunganisha maarifa hayo mawili ili kuokoa herufi moja. Huyo hajakosea tahajia. Pengine anaijua kuliko baba yake.

Linabaki kosa halisi, kama "nime fika" na "kwasababu" za binti wa Njoro. Haya, kwa kweli, ni makosa, na watahini wa insha huyahesabu katika kundi la makosa ya hijai: kutenganisha kinachoshikana na kushikanisha kinachotengana. Lakini jamani, "kwasababu" nimeiona kwenye barua ya mkuu wa shule. Nimeiona kwenye tangazo la kanisa, nimeiona kwenye kadi za mchango zilizochapishwa hapa hapa mjini kwa pesa nzuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika "dhamani" mahali pa "thamani" katika makala iliyochapishwa, na msomaji mmoja akaniandikia. Alianza kwa kujadili hoja yangu aya mbili nzima, akanipinga vizuri, kisha mwishoni kabisa akataja ile dh. Sikuona haya hata kidogo. Huyo mtu hakuwa jamaa yangu, na alinistahi kuliko nilivyomstahi mwanangu.

Halafu tukumbuke tahajia hii tunayoilinda ilitoka wapi. Kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882 iliandika jina la lugha yenyewe "Suahili". Ni baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, ndipo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilipoanza kufuata maandishi ya namna moja. Shabaha ilikuwa vitabu vya shule na maandishi ya umma, ili kitabu kilichochapwa kwa ajili ya Dar es Salaam kisomeke Kisumu. Ni shabaha njema, nami nimeila mshahara maisha yangu yote. Ila sijaona popote kwamba Kamati ilikusudia kuketi kati ya mzazi na mwanawe saa nne za usiku.

Na sisi wa Bonde la Ufa ndio hasa hatupaswi kujigamba. Ziwa Naivasha linatokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, la maji yanayochafuka kwa upepo. Mzungu alilisikia vibaya, akaliandika alivyosikia, na leo ni jina la mji, la barabara na la anwani za maua yanayokwenda Ulaya. Elementaita huandikwa pia Elmenteita. Kaptembwa na Kaptembwo ni mtaa mmoja. Hakuna anayewapigia simu wakazi kuwasuta.

Nitoke kwenye utani, kwa sababu jambo hili lina upande ambao si wa utani hapa kwetu. Makosa mengi ya tahajia Nakuru ni lafudhi iliyoingia kwenye karatasi. Mkalenjin, ambaye lugha yake haitofautishi /k/ na /g/ au /p/ na /b/ kama Kiswahili kinavyofanya, huenda akaandika "kari" akikusudia "gari". Mgikuyu huongeza king'ong'o, "ndada" badala ya "dada", maana /d/ ya lugha yake hutembea na /n/. Mjaluo huandika "s" mahali pa "z". Ukisahihisha herufi hizo mbele ya watu, hujataja herufi tu. Umetaja anakotoka mtu. Waliokuwa mjini humu Januari 2008 wanajua kwamba jinsi mtu anavyotamka neno inaweza kuwa jambo la kufa na kupona. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi. Watoto wetu walioishi siku zile wakiwa wadogo sasa ni watu wazima. Sishangai wengine wao wakisikia sauti ya kukaguliwa mahali ambapo mzazi anadhani anafundisha tu.

Mwaka 2016 Julie Boland na Robin Queen wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwapa washiriki 83 baruapepe za watu waliojifanya wanatafuta nyumba ya kuishi na wenzao, nyingine zikiwa na makosa. Waliokuwa wepesi zaidi kuwahukumu waandishi kwa makosa ya sarufi walikuwa wale ambao vipimo vya hulka vilionyesha si wapatanifu sana. Nilipomsomea mama watoto matokeo hayo, alicheka hadi akaketi.

Sasa nirudi kwa mwajiri. Barua ya kuomba kazi yenye "nime hitimu" kwenye mstari wa kwanza huwekwa kando, na hilo ni kweli ya kusikitisha. Kuna bango la duka litakalosimama miaka kumi, kuna kadi ya harusi, kuna maandishi ya kaburini yasiyofutika. Kuna pia mjukuu: tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka 2019, kazi nyingi za nyumbani humtaka mzazi awe mezani na mtoto, na "kwasababu" ya mama huhamia kwenye daftari la mwana kesho yake. Katika mambo hayo mzazi anayejua akinyamaza amemnyima mwanawe msaada. Lakini hayo yote yana alama moja: maandishi yanakwenda kwa mtu mwingine, na bado hayajaondoka. Ujumbe ulioandikiwa wewe umeshafika. Hakuna unachookoa ukiurekebisha, isipokuwa nafasi yako ya mwalimu mkuu.

Hata sisi tunaosahihisha insha, kosa la tahajia tukishalionyesha mara moja hatulihesabu tena kila linaporudiwa. Wazazi wengi ni wakali kuliko mtihani. "Kwasababu" moja wameipiga mstari tangu mtoto ana miaka minane hadi ana watoto wake.

Nilimwambia yule mama wa Njoro amjibu binti kwamba ameshukuru amefika, na amuulize simu ilizima kwa nini, betri au imeibwa ikapatikana? Akasema, "Na kwasababu je?" Nikamwambia angoje siku binti atakapoandika kitu cha watu, amwombe ruhusa ya kukipitia. Hakuridhika sana. Aliondoka akinung'unika kwamba walimu wa siku hizi wamelegea.

Mwanangu alipata kazi nyingine, udereva, bila ushauri wangu. Mwaka jana mama yangu alipofariki, wajukuu walimteua yeye asome wasifu kwa niaba yao. Jioni moja alikuja nyumbani na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, akaziweka mezani mbele yangu. "Mzee, hebu nipitishie makosa. Hii itasomwa mbele ya watu." Nilichukua kalamu ya bluu, ile nyekundu niliiacha kwenye droo. Nilirekebisha "aliekuwa" mara tatu, nikatenganisha "kwasababu", nikaiwekea "ngombe" ritifaa yake. Alikuwa amekaa kando yangu akitazama, hakusema kitu.

Kwenye ukurasa wa pili alikuwa ameandika kwamba kila walipofika kwa nyanya, kabla ya salamu wala maswali, aliwaambia, "Kureni kwanza." Nikaweka ncha ya kalamu juu ya ile r.

"Hiyo wacha, mzee," akasema. "Hivyo ndivyo alikuwa anasema."

Nikaiacha.