Pengo la Maarifa: Muundo wa Hofu katika Dracula

Kati ya riwaya za kutisha ninazozirudia tangu ujana, Dracula (1897) ya Bram Stoker ndiyo inayonifunza zaidi jinsi hofu inavyosukwa. Riwaya nzima ni jalada la nyaraka: shajara ya wakili Jonathan Harker iliyoandikwa kwa hatimkato, barua, telegramu, vipande vya magazeti, na sauti ya Daktari Seward iliyonaswa kwenye silinda za nta za fonografu. Ukiacha barua fupi mbili tatu, mwenye jina la kitabu hana ukurasa wake. Baada ya sura nne za mwanzo ngomeni Transylvania, Dracula huonekana kwa nadra, na kila aonekanapo kalamu imeshikwa na mwingine.

Ustadi huu umekolea katika daftari la safari la Demeter, meli inayomleta Dracula Uingereza, sura ya 7. Nahodha anaandika waandikavyo watu wa kazi yake: upepo, zamu, shehena ya mchanga na makasha ya udongo, kisha baharia mmoja hayupo, kisha mwingine. Harker ameshatuonyesha kilalacho ndani ya makasha hayo. Nahodha hajui, na kinaya hicho huifanya lugha kavu ya kazi itishe kuliko kivumishi chochote. Pambano halisimuliwi, husimuliwa hesabu ya watu tisa inayopungua, hadi nahodha anabaki peke yake na kujifunga mikono kwenye usukani. Juu ya hayo, daftari limetafsiriwa kwa mdomo na karani wa ubalozi mdogo wa Urusi, likanakiliwa na mwandishi wa gazeti, kisha Mina, mchumba wa Harker, akalibandika katika shajara yake. Usimulizi unaopita mikono mingi hivyo kwa kawaida hupoteza makali. Hapa kila mkono unatoa ushahidi bila kujua unashuhudia nini.

Nusu ya pili hulaumiwa kwamba imepoa. Lawama hiyo ina msingi (na hotuba ndefu za Van Helsing, profesa anayewaongoza wanaomwinda Dracula, haziisaidii riwaya), ila chanzo chake ni cha kimuundo. Mina anapozipiga chapa nyaraka zote na kuzipanga kwa tarehe, wawindaji wanapata silaha yao, na papo hapo linazibika pengo kati ya tunayoyajua sisi na wanayoyajua wao. Hofu inageuka msako. Nadhani Stoker alilitambua hilo, kwani analifungua pengo upya bila kukawia: wanaume wanaamua kumficha Mina mipango yao, eti kumlinda, na usiku wanapokwenda kupekua Carfax, nyumba aliyoinunua Dracula, yeye anabaki kitandani, ukungu ukipenya chumbani. Msomaji anausoma ukungu huo sawasawa. Aliyeuandika anaudhania ndoto. Mhariri wa jalada zima amekuwa mtu pekee asiye na habari.

Baadaye, Mina akiwa ameshanyweshwa damu ya Dracula, Van Helsing anamtia katika usingizi wa hipnosi, naye anasema anasikia maji yakipiga na mnyororo ukilia. Hapo tu ndipo hisi za Dracula zinapoingia katika kumbukumbu, bado kwa kinywa cha mwingine. Na hata hapo Stoker hatupi wazo lake hata moja; anatupa mahali alipo, basi.