Jiometri ndiyo inayobandika lebo

Mwaka 2022 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walichapisha matokeo ya programu inayotambua hali ya kifaa cha nukta za kwanta. Ilipojaribiwa kwa data ya maabara, ilipata usahihi wa asilimia 95. Ni kazi nzuri, lakini kabla ya kuipigia makofi ni haki kuuliza: majibu yake yalilinganishwa na majibu ya nani? Yalilinganishwa na ya binadamu aliyekaa na kuzitazama picha za data hiyo, kisha akaibandika kila moja lebo ya hali inayoonyesha. Lebo zikiwa na kasoro, asilimia hiyo nayo ina kasoro.

Nukta ya kwanta ninayoizungumzia hapa ni kijisehemu kidogo mno ndani ya silikoni, ambamo elektroni hunaswa moja moja kwa volti za geti za metali zilizolazwa juu yake. Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza mwaka 1998 kwamba spini ya elektroni iliyonaswa hivyo inaweza kubeba taarifa katika kompyuta ya kwanta. Kifaa hupozwa hadi karibu na sifuri kamili, na hapo ndipo kazi ya kurekebisha volti huanza. Ukikosea kidogo, nukta mbili ulizozitaka zinaungana na kuwa moja katikati, au inabaki ya kushoto tu, au ya kulia tu, au hakuna nukta kabisa. Ukiongeza na ile ya nukta mbili, hizo ni hali tano, na mwenye maabara lazima ajue yuko kwenye ipi.

Anazijua kwa ramani ya chaji. Anapandisha volti ya geti ya kushoto kwenye mhimili wa ulalo na ya kulia kwenye mhimili wa wima, huku kipima chaji kilicho jirani kikisoma. Kila elektroni inapoingia au kutoka, mkondo wa kipima hicho unaruka, na miruko hiyo ikiunganishwa inachora mistari. Mteremko wa mistari ndio unaotoa siri. Nukta ya kushoto inaisikia zaidi geti ya kushoto, kwa hiyo mistari yake husimama karibu wima. Ya kulia, kwa sababu iyo hiyo, hutoa mistari inayolala. Nukta moja ya katikati inazisikia geti zote mbili karibu sawasawa, basi mistari yake hukata ramani kwa mshazari. Nukta zikiwa mbili, mistari ya wima na ya ulalo hukutana. Pale inapokutana haipishani moja kwa moja, kwa sababu elektroni zinasukumana. Makutano yanapasuka, na katikati yake panatokea kamstari kafupi kenye mteremko wa upande wa pili: elektroni imehama kutoka nukta moja kwenda nyingine. Ramani nzima inakuwa kama sega la nyuki.

Kamstari hako ndiko kanakowasumbua watu. Elektroni ikihama kati ya nukta mbili, jumla ya chaji haibadiliki, kwa hiyo kipima mara nyingi huonyesha alama hafifu inayoweza kumezwa na kelele. Tena, nukta mbili hazigeuki kuwa moja ghafla. Kadiri kizuizi kati yao kinavyoshuka, mistari hujikunja polepole hadi ikawa mshazari. Wataalamu wawili wakiuchora mpaka huo, kila mmoja ataupitisha pake. Jijini Nairobi wapo vijana wengi wanaolipwa kubandika lebo kwenye picha za magari na watembea kwa miguu. Kazi ya kubandika lebo kwenye ramani za chaji haiwezi kugawiwa namna hiyo, kwa kuwa anayeona mpaka ni aliyesomea fizikia yenyewe, na muda wake ni haba.

Njia ya kwanza ya kulikwepa tatizo ilikuwa uigaji. NIST ilitoa mwaka 2018 hazina ya data iitwayo QFlow lite, ambamo kompyuta inahesabu kifaa cha kubuni na kutoa ramani pamoja na lebo zake. Lebo hizo hazina shaka, maana aliyeiga kifaa anajua alichokiweka ndani. Shida ni kwamba kifaa halisi kina kelele, na kipimo chake huhama taratibu kadiri muda unavyokwenda. Ile asilimia 95 ilipatikana baada ya watafiti kuongeza kelele za kutengenezwa kwenye data ya mafunzo. Hilo lilisaidia mashine kujifunza, ila halikutupatia data halisi yenye lebo za kuipimia.

Ndipo watafiti Brian Weber na Justyna Zwolak walipokuja na programu waliyoiita QDA2, inayobandika lebo kwenye ramani halisi za nukta mbili. Uamuzi wao ninaouona wa maana kuliko yote ni kwamba hawakutumia mashine inayojifunza. Ni algorithimu ya kawaida inayofuata kanuni za jiometri. Kama lebo zingetolewa na mtandao wa neva, kisha zikatumika kuupima mtandao mwingine wa neva, tungekuwa tunapima kama mitandao hiyo miwili inakubaliana, wala si kama inasema kweli. Lebo inayotokana na mteremko wa mstari ina sababu unayoweza kuikagua: unarudi kwenye ramani, unapima pembe, unakubali au unakataa. Mchirizi uliolala sambamba kabisa na mwelekeo wa kupimia, kwa mfano, unatiliwa shaka mara moja, kwa kuwa kelele ya kuruka-ruka huchora hivyo hivyo.

Njia hii ina mipaka yake. Haikutengenezwa kwa safu za nukta nyingi ambazo kompyuta ya kwanta yenye manufaa itazihitaji. Weber na Zwolak wenyewe wanaieleza kuwa hatua ya kwanza kuelekea hazina kubwa ya wazi ya data yenye lebo, na hazina hiyo haiwezi kujazwa na maabara moja. Ripoti za mbinu za kurekebisha vifaa hivi zimeendelea kutoa takwimu zisizolinganishika, kila kundi na kifaa chake na maana yake ya neno "kufaulu". Maabara zenye ramani za namna hii zizitoe, pamoja na zile mbovu zilizojaa kelele, kwa sababu hizo ndizo zitakazoonyesha ni mbinu ipi inayofaa.