Pesa ya kwanza iende kwenye tairi

Anayeendesha baiskeli kutoka Donholm kwenda kazini Industrial Area, Nairobi, hakutani na mlima wa kutisha. Anachopambana nacho ni barabara yenyewe. Lami ya barabara za Lunga Lunga na Enterprise hukanyagwa na malori ya shehena mchana kutwa, ikabonyea katikati na kumeguka kingoni, na kingoni ndiko baiskeli husukumwa. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo hata kiraka kizuri hakidumu. Juu ya lami kuna vumbi, vigae vya chupa, machicha ya chuma kutoka karakana, na adui ambaye mgeni huchelewa kumjua: vijiwaya vinavyotawanyika tairi la lori linapopasuka. Kisha kuna reli za kuingilia viwandani, nyingine zikiikata barabara kimshazari.

Barabara hiyo ndiyo inayopaswa kuamua baiskeli itengenezwe vipi. Mazungumzo ya vijana wengi wanaonunua vifaa vya baiskeli za mbio, hata hivyo, huanza na uzito: fremu ya kaboni, kiti chepesi, boliti za titani. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, limeweka kilo 6.8 kuwa uzito wa chini kabisa wa baiskeli ya mashindano tangu mwaka 2000, na namba hiyo imegeuka kuwa kama shabaha ya kila mtu, hata wa kwenda kazini. Naona huo ni mwelekeo wa gharama kubwa usiowafaa watu wetu, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli na mkoba ana kilo 85, akienda kilomita 25 kwa saa mahali tambarare. Kwa makadirio ya kawaida ya mwili ulioinama kiasi, upepo unamgharimu takriban wati 67. Tairi gumu lisilofaa barabara mbovu, lenye kigezo cha ukinzani wa kubingirika cha 0.008, humla wati 46. Tairi laini lililojazwa upepo kwa kiasi, lenye kigezo cha 0.005, humla wati 29. Tofauti ni wati 17. Sasa acha tairi lile baya, badala yake umpunguzie kilo mbili za chuma, jambo ambalo kwa vipuri vipya linaweza kumaliza mshahara wa miezi: anaokoa wati moja hivi. Hata kwenye mwinuko wa asilimia 4 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kilo hizo mbili ni kama wati tatu tu.

Hesabu hiyo ya upepo nayo ina habari yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Mwendo uleule, mwili uleule, ungedai kama wati 78 Mombasa. Wepesi huo ndio uliompeleka bingwa wa baiskeli Eddy Merckx Mexico City mwaka 1972 kuvunja rekodi ya saa moja, akakimbia kilomita 49.431. Maana yake kwetu ni kwamba rimu ndefu za kukata upepo, ambazo tayari ni ghali, zinatulipa kidogo zaidi kuliko zinavyomlipa mtu wa pwani, ilhali tairi linatulipa zaidi kwa sababu barabara yetu ni mbaya.

Hesabu hiyo niliiona ikifanya kazi nilipofuatilia tangu mwanzo matengenezo ya baiskeli moja ya mtumba, ya mfanyakazi wa kiwandani. Fremu ya chuma ya miaka ya 1980, usukani wa pembe, magurudumu ya inchi 27 yenye rimu za chuma zilizopakwa kromu, meno 52 na 42 mbele, giya sita nyuma kuanzia meno 14 hadi 24, na viwiko vya giya kwenye bomba la chini. Fremu kama hii hudharauliwa kwa sababu ya umri. Mimi ningeichagua mbele ya fremu nyingi mpya za alumini, kwa sababu chuma hupindika na kunyooshwa, huchomelewa, na fundi wa jua kali anakifahamu.

Hatua ya kwanza ilikuwa magurudumu. Inchi 27 na kipimo cha 700 vinaonekana sawa kwa macho, lakini kingo ya rimu inayokamata tairi ina kipenyo cha milimita 630 kwa ya kwanza na 622 kwa ya pili. Tairi za 630 zimekuwa adimu na chaguo ni finyu. Za 622 zimejaa. Ukihamia rimu ndogo, uwazi kati ya tairi na fremu unaongezeka kwa milimita 4 kila upande, na hapo ndipo tairi pana linapopata nafasi ya kukaa. Tulipoingiza tairi la milimita 32, lilizunguka bila kugusa, na bado kukawa na nafasi ya madigadi.

Baiskeli ilikuja na tairi za inchi 1 na robo zilizochakaa, na mwenyewe alitaka kuweka za milimita 23, kama alivyoona kwenye mbio. Lakini hata mabingwa wameziacha. Timu za kulipwa zilihama kutoka 23 hadi 25, kisha 28, na kwenye mawe ya mbio za Paris–Roubaix hutumia 30 na zaidi. Sababu ni kwamba vipimo vya zamani vilifanywa juu ya pipa laini la chuma, ambako tairi gumu daima hushinda. Kwenye lami yenye mabonde, tairi gumu halimezi kokoto. Humwinua mtu na baiskeli yake juu ya kila kokoto, na nguvu ya kuinua mzigo huo hairudi. Inaishia mikononi na mgongoni. Kwa mtu wa kilo 70 na kitu, tairi la 32 linatosheka na upepo wa psi 55 hadi 65, mbele pungufu kidogo kuliko nyuma. Wenye pampu za kando ya barabara wamezoea kujaza hadi tairi liwe jiwe, kwa hiyo pampu ya mkono yenye saa ya kipimo ni kifaa cha kununua kabla ya shati la mbio.

Vijiwaya vya tairi za lori havizuiliwi na upana. Vinahitaji tairi lenye ukanda mgumu chini ya raba, na tabia ya kukagua tairi jioni kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Kijiwaya hakitoboi mara moja. Hukaa ndani ya raba na kusogea kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka. Ukikichomoa siku ileile kwa kibano, tyubu inapona. Ukiziba pancha bila kukitafuta, utaziba tena kesho palepale.

Rimu mpya za alumini zilileta faida nyingine ambayo kwangu inazidi mwendo: breki. Kromu ikilowa, raba ya breki huteleza, na unabana viwiko huku baiskeli ikiendelea kwenda kana kwamba hukugusa kitu. Kwa barabara ambako lori hukata kona mbele yako kuingia geti, rimu ya namna hiyo haifai kubaki kwenye baiskeli hata wiki moja ya masika. Kwa kuwa rimu ilipungua kimo, raba zilitakiwa kushuka milimita 4, na breki za kisasa za mikono mifupi hazikufika. Zilitafutwa za mikono mirefu, zenye kufika kati ya milimita 47 na 57, za aina yenye viungo viwili vya kuzungukia. Breki hizo hufungwa kwa nati inayojificha ndani ya uma, wakati fremu za zamani zina tundu jembamba la boliti ya kupita. Fundi alipanua upande wa nyuma tu wa tundu hadi milimita 8, akauacha wa mbele kama ulivyokuwa. Ni kazi ya dakika chache, lakini drili ikipitiliza mbele, breki italegea na uma umeharibika.

Kisha ikaja kazi ambayo wengi huiogopa, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Fremu ya giya sita ina upana wa milimita 126 pale ekseli ya nyuma inapokaa. Habu ya kaseti, yaani fungu la meno ya nyuma, ya giya nane, tisa au kumi inadai 130. Wengine huilazimisha kwa mikono kila wanapobadilisha gurudumu. Inaingia, ila gurudumu halikai sawa na ekseli hubanwa kwa mshazari. Njia sahihi ni kuipanua fremu yenyewe, milimita 2 kila upande, na hilo hufanywa kwa chuma peke yake. Alumini na kaboni hupasuka.

Fundi alilaza fremu, akapitisha ubao mrefu ndani ya pembetatu, akabonyeza mkono mmoja wa nyuma taratibu, akapima, akabonyeza tena. Chuma hurudi kidogo kila unapokiachia, kwa hiyo unapita kipimo kidogo ili kirudi unapotaka. Baada ya hapo alichukua uzi wa kushonea, akaufunga pale ekseli inapokaa upande wa kulia, akauzungusha mbele kwenye bomba la usukani na kuurudisha upande wa kushoto. Kisha akapima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu iko katikati. Zisipolingana, upande mmoja umepinda zaidi, na unarudishwa. Nimeona vipimo vya laser vikifanya kazi hiyohiyo, na uzi hauzidiwi kwa kazi hii. Mwisho akasawazisha kile kilimi kinachobeba diraila ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni, maana kikiinama nyuzi mbili tu, hakuna urekebishaji wa waya utakaonyamazisha giya.

Giya zenyewe zilihitaji kufikiriwa upya. Mchanganyiko wa 42 mbele na 24 nyuma husukuma baiskeli mita 3.8 kwa kila mzunguko wa kanyagio. Kwa mizunguko 70 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 16 kwa saa, na usipoweza mwendo huo kwenye mwinuko wa kwenda Upper Hill ukiwa na mzigo, magoti ndiyo yanayolipa. Upande wa juu, meno 52 kwa 14 hufika kilomita 43 kwa saa kwa mizunguko 90. Nani anakwenda kasi hiyo Likoni Road saa ya kazi? Suluhisho lilikuwa kubakiza gurudumu moja la meno mbele, 42, lenye meno marefu na mafupi kwa zamu ili cheni isiruke, na kaseti ya giya tisa ya 11 hadi 32 nyuma. Giya nyepesi kabisa sasa inasukuma mita 2.8, na nzito, kwa mizunguko 90 ileile, bado inafika kilomita 44 kwa saa, kwa hiyo meno 52 hayana kazi. Diraila ya mbele, ambayo hapa kazi yake kubwa ni kukusanya tope, ikaondolewa.

Diraila nyingi za mbio za giya tisa hazimezi meno 32 kwa raha. Hapa kuna siri inayookoa pesa: kwa Shimano, diraila ya baiskeli ya milimani ya giya tisa huvuta waya kwa kiwango kilekile cha zile za mbio za giya nane hadi kumi, isipokuwa chache. Kwa hiyo diraila ya mtumba kutoka baiskeli ya milimani ilifungwa na ikatii. Kuhusu viwiko, vile vya kwenye breki ni vitamu lakini ni ghali na havipendi vumbi. Kiwiko cha ncha ya usukani chenye uwezo wa kuzimwa mibofyo kiliwekwa badala yake. Waya ukichafuka na mibofyo ikaanza kukosea, unageuza, unabadilisha giya kwa kuhisi, na unafika kazini.

Mafundi wanaofungua baiskeli hizi hukuta cheni nyeusi iliyolowa oili chafu ya gari. Watu huitumia kwa kuwa ni ya bure. Ni nzito, hushika vumbi la barabarani, na vumbi lenye mchanga ndani ya oili ni dawa ya kusaga chuma. Tone dogo la oili nyepesi kwenye kila kirola, kisha kuifuta cheni kwa nje hadi ionekane kavu, ndiyo namna ya kuitunza. Kipimo chake ni rula ya inchi 12: pini ya kwanza ikiwa kwenye sifuri, pini ya ishirini na tano inapaswa kukaa kwenye 12 barabara. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imerefuka nusu asilimia na ni wakati wa kununua nyingine. Ukiingoja ifike asilimia moja, itakuwa imeshakula meno ya kaseti, na kaseti ni ghali mara kadhaa.

Kwa mavazi, sikushawishika na viatu vya kujifunga kwenye kanyagio. Mtu anayesimama kila geti, anayevuka reli na kuingia kiwandani kwa buti za kazi, anahitaji kanyagio pana lenye vipini vya kushika soli. Miwani isiyo na rangi ni ya lazima kwa vumbi la asubuhi. Glavu pia. Koti la rifleketa la wanabodaboda linafanya kazi sawa na la duka la michezo. Pesa iliyobaki ilinunua habu ya mbele yenye dainamo, volti 6 na wati 3, na taa mbili zinazowaka bila kuchajiwa. Zamu za viwandani huisha usiku, na dereva wa lori anayegeuza Lunga Lunga hawezi kumkwepa asiyemwona.

Reli tulizijaribu mwisho, kwa makusudi, lami ikiwa imelowa. Tairi la 32 halitumbukii kwenye mfereji wa reli kwa urahisi kama la 23, lakini bado linateleza juu ya chuma ukilivukisha kimshazari. Unapunguza mwendo mapema, unatazama nyuma, unajitanua barabarani hadi uielekee reli kwa pembe mraba, unaacha kukanyaga wala hushiki breki, unainuka kidogo kitini, halafu unapita.