Kuomba Pasipo Kusimangwa: Juu ya Neno Moja katika Waraka wa Yakobo

Katika Waraka wa Yakobo, mlango wa kwanza, iko aya ambayo walimu wetu hupenda kuwafundisha wanafunzi kabla ya mitihani, na wachungaji hupenda kuihubiri mwanzo wa mwaka. Ni ile aya ya tano, imwagizayo mtu aliyepungukiwa na hekima aiombe kwa Mungu. Kwa kuwa yaonekana nyepesi, huipita upesi. Husema: Mungu ni tajiri wa hekima, sisi ni maskini, basi tuombe tupewe, kisha huendelea na aya ya sita, ile ya shaka na mawimbi ya bahari, yenye mfano wa kupendeza. Neno la kati, lililo moyo wa aya nzima, huachwa njiani. Nataka kulizungumza neno hilo, kwani naona tafsiri zetu hazikulitendea haki, hali Kiswahili kilikuwa nalo neno lake tangu zamani, limekaa nyumbani likingoja kuitwa.

Mimi mwenyewe niliipita aya hiyo miaka mingi, hata siku moja nikawa na darasa la watu wazima Kariakoo, waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara. Tulisoma katika Biblia ya Muungano, ile iliyotoka mwaka 1952, ambayo ndiyo isomwayo katika makanisa yetu mengi. Humo imeandikwa ya kwamba Mungu huwapa watu wote kwa ukarimu, “wala hakemei”. Niliuliza maana yake. Kijana mmoja, mchukuzi wa mizigo sokoni, alisema maana yake Mungu hapigi kelele kama askari afukuzavyo wachuuzi barabarani. Watu walicheka, nami nikataka kuendelea. Ndipo bibi mmoja, muuza mboga, aliposema: “Mwalimu, mimi kukemewa sikuogopi. Nimekemewa tangu utoto, na kukemewa hupita. Mimi naogopa masimango.”

Nilimjibu maneno machache ya juu juu, kama tufanyavyo walimu tukishikwa bila kujiandaa. Jioni nilifungua Agano la Kigiriki, nikaona ya kuwa bibi yule alikuwa amelisoma vizuri kuliko mimi.

Kitenzi alichotumia Yakobo ni *oneidizo*. Maana yake ni kumtupia mtu jambo usoni ili apate aibu. Na kikiwa karibu na neno la kutoa, maana yake ni kumtupia usoni kile ulichompa. Jambo hilo Waswahili hawaliiti kukemea. Huliita kusimanga, au kusimbulia, na maneno yake huitwa masimango na masimbulizi. Anayekemea hupaza sauti kwa sababu ya kosa, na kosa likiisha, ukali nao huisha. Anayesimanga hana haja ya kosa. Aweza kusema kwa sauti ya chini kabisa, tena mbele ya wageni, huku anacheka: “Kijana huyu mnayemwona amevaa viatu, alikuja kwangu hana hata ndara.” Hakuna neno la uongo hapo, wala la matusi. Lakini kile kiatu, tangu siku hiyo, kinambana aliyekivaa.

Kwamba Yakobo alikusudia jambo hilo hasa, si kukemea kwa namna yoyote tu, tunaye shahidi wa zamani kuliko yeye. Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia ya ndugu zetu Wakatoliki, alinena habari hii zaidi ya mara moja. Katika mlango wa 18 aonya mtu asichanganye kipawa na maneno ya kuumiza. Na katika mlango wa 20 amchora mpumbavu atoaye kidogo na kusimanga sana. Katika Kigiriki cha kitabu hicho kitenzi ni kile kile cha Yakobo. Basi wasomaji wa kwanza wa Waraka, waliokuwa Wayahudi wenye kusema Kigiriki, waliposikia habari ya Mungu atoaye pasipo *oneidizo*, yaelekea walimkumbuka yule mpumbavu wa bin Sira, wakaelewa ya kuwa Mungu ni kinyume chake.

Wala jirani zetu Waislamu si wageni wa jambo hili. Katika sura ya pili ya Kurani, aya ya 264, waamini wakatazwa kuziharibu sadaka zao kwa kumkumbusha mpokeaji fadhili na kumuudhi. Kanoni Godfrey Dale wa misheni ya UMCA aliifasiri Kurani kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1923, ili walimu wa misheni wajue jirani zao wasoma nini. Nasi twafanya vibaya tukisahau mfano huo. Mkristo wa Kariakoo aishi ukuta kwa ukuta na mtu aliyefundishwa chuoni tangu utotoni ya kuwa masimango huila sadaka kama mchwa. Itakuwa ajabu Mwislamu akilijua jambo hilo kwa jina lake, na sisi tulisome katika Waraka wetu wenyewe bila kulitambua, kwa sababu tumeliita kukemea.

Tafsiri zilizofuata hazikutusaidia. Biblia ya Habari Njema, iliyotoka nzima mwaka 1995, yasema juu ya wingi na ukarimu wa Mungu, na lile neno la kukanusha limeyeyuka ndani ya ukarimu. Usomaji wake ni laini, nakubali, lakini afadhali neno lisilotosha kuliko mahali patupu. Maana penye “hakemei” mwanafunzi aweza kuuliza, kama tulivyouliza sisi.

Na huo ukarimu nao wataka kuangaliwa. Neno la Kigiriki, *haplos*, asili yake ni kitu kisicho na mkunjo, kilicho kimoja. Mtoaji wa namna hiyo hana mkono mmoja unaotoa na mwingine unaoandika daftarini. “Ukarimu” ni neno zuri, lakini Pwani mkarimu ni mtu wa kupokea wageni, na twamwona karamu mbele yake. Twafikiri wingi wa chakula, hatufikiri unyofu wa moyo. Hasara yake yaonekana katika aya ya nane, ambapo Yakobo amtaja mtu wa nia mbili. Katika Kigiriki msomaji asikia mapigano ya maneno: Mungu mwenye nia moja katika kutoa, na mwanadamu mwenye nia mbili katika kuomba. Katika Kiswahili chetu huyu yuko huku na yule kule, hawajuani. Wahenga walikuwa karibu zaidi na Yakobo waliposema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Niingie katika jambo la tatu, hekima yenyewe. Dk. Karl Roehl, katika Biblia yake iliyokamilika mwaka 1937, alitaka kuyaondoa maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu, naye mahali pa hekima aliweka “werevu wa kweli”. Bidii yake twaiheshimu. Lakini neno likihitaji kusindikizwa na “wa kweli” kila liendapo, lajitangaza lenyewe ya kuwa halina sifa njema. Mwerevu ni Sungura. Mwerevu, katika Mtaa wa Kongo au Msimbazi, ni yule ajuaye bei ya kununulia na kuificha, ajuaye uso wa mnunuzi kabla hajafungua kinywa. Simlaumu, mji hauwalishi wajinga. Lakini hofu yangu ni kwamba, ingawa tafsiri ya Roehl imewatoka wengi mikononi, maana yake imebaki mioyoni: tunapowahimiza watu wamwombe Mungu hekima, wengi huomba werevu. Na mahubiri ya siku hizi hayawasahihishi. Baadhi yake huwachochea, yakisema kwamba aombaye hekima atafumbuliwa siri ya faida.

Yakobo hana habari hiyo. Katika mlango wa nne awaambia wafanyabiashara, wale wasemao kwamba watakwenda mji fulani, wakae mwaka, wauze na kununua, ya kuwa hawajui ya kesho. Katika mlango wa tano asema habari ya ujira wa watu wa kazi uliozuiwa, jinsi unavyolia. Mwalimu wa Kariakoo asiisome aya hiyo kama habari ya mbali. Mtaa huu ulipata jina lake kutoka kwa Kikosi cha Wapagazi, waliopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, na wengi hawakufika kuupokea ujira wao. Twakanyaga jina lao kila siku tukienda kununua vitunguu.

Tena hekima ya aya ya tano imefungwa kwa aya zilizotangulia, ambazo ni habari ya majaribu na saburi. Aiombaye si mtu atakaye kupata zaidi, bali ni mtu aliyepatwa na jambo na hajui alibebeje. Soko la Kariakoo, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na wafanyabiashara wakapoteza mali. Mtu aliyetazama kibanda chake kikigeuka majivu, akahesabu deni lililobaki, huyo ndiye aliye karibu na maneno haya. Mtaji aweza kuuomba kwa mjomba. Ila ajua mjomba atatoa nini pamoja na fedha.

Hapa ndipo neno la yule bibi linapokuwa zito. Watu wengi hawaombi, na sababu si kiburi wala kukosa imani kama tuwashtakivyo mimbarini. Wamejifunza nyumbani bei ya kupewa. Mtoto aliyelelewa kwa shangazi, akasimangwa kwa kila kitabu na kila sahani ya wali, hujifunza kukaa kimya na upungufu wake. Naye akisikia ya kuwa Mungu ni Baba, tena ni mpaji, moyo wake wajibu pole pole: wapaji nawajua. Kumwambia mtoto huyo kwamba Mungu hakemei si kumwambia kitu. Apaswa kuambiwa ya kuwa Mungu hasimangi.

Wengine watasema tayari twao mfano wa kutoa pasipo masimango. Siku ya Ijumaa katikati ya jiji maskini hupita duka kwa duka, na mwenye duka humpa kila mmoja sarafu, haulizi jina wala kabila, hatazami kama jana alipita. Ni desturi njema, nami niliwahi kuitumia kuieleza aya yetu, kwa kuwa Yakobo asema Mungu huwapa wote. Lakini nikiifikiri sasa naona mfano huo wavunjika katikati. Mwenye duka hasimangi kwa sababu hamjui ampaye. Hana habari zake za kumtupia. Asimangaye siku zote ni yule akujuaye: ndugu, jirani, aliyekuona ukiwa uchi. Anayejua na anayenyamaza hawapatikani kwa urahisi katika mtu mmoja. Yakobo asema ya kuwa wamepatikana katika Mungu, ambaye ajua yote tuliyopewa, na jinsi tulivyoyatumia, wala hayatamki wakati tunaponyosha mkono.

Yako mashaka mawili ambayo yafaa yajibiwe. La kwanza ni kwamba “kusimanga” ni neno la uani, la ugomvi wa wanawake kisimani, halistahili Maandiko. Jibu langu ni kwamba Yakobo mwenyewe aandika kwa mambo ya uani: kioo, lijamu ya farasi, chemchemi, moto mdogo uunguzao msitu. Kama yeye hakuona haya, sisi twaonea nani haya? Kuna pia wasemao kwamba mahali pengine kusimanga ni kumcheka mtu aliyepatwa na msiba, na kwamba “kusimbulia” ni sahihi zaidi. Ni kweli, lakini kusimbulia bara hakujulikani sana, na neno lisilojulikana halifundishi.

Shaka la pili ni zito, nami silipiti haraka. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 11, Bwana aikemea miji iliyoona miujiza yake, na kitenzi cha Kigiriki ni kile kile. Je, hapo Bwana hakusimanga? Aliitajia Korazini na Bethsaida mambo makuu yaliyotendwa ndani yake, na haki ni kusema kwamba neno limetumika kwa ukali wote. Ila tazama ni nani wanaoambiwa. Miji ile haikuja kuomba. Ilipewa, ikakaa kama isiyopewa. Sikuona katika Injili mahali ambapo mtu alikuja akiomba msaada, akatajiwa fadhili za jana ili aaibike. Yule baba wa mwana mpotevu alikuwa nayo yote ya kusema, na mwana alikuwa amekuja na hotuba yake tayari. Baba aliagiza joho. Aliyesimanga katika nyumba ile alikuwa kaka.

Kwa hiyo shauri langu kwa watakaopewa kazi ya kuzisahihisha tafsiri zetu ni kwamba waandike “wala hasimangi”, na kwa walimu ni kwamba wasingoje chapa mpya, bali walitie neno hilo katika maelezo yao tangu sasa, wakiwauliza kwanza wanafunzi wenyewe nyumbani kwao huliitaje.

Juma lililofuata nilimweleza yule bibi niliyoyaona. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yafaa kuomba tena jambo lile lile, mtu akiwa amekwisha kupewa na akalipoteza kwa upumbavu wake. Ni swali la mtu ayajuaye masimango vizuri, kwani mara ya pili ndiyo yenye uchungu: “Si nilikupa juzi?” Nilimwonyesha ya kuwa katika Kigiriki kutoa kule hakukuandikwa kama tendo lililokwisha, bali kama kazi ya kila siku ya mwenyewe, kama tusemavyo mvuvi huvua. Akauliza, “Na juzi hatajwi?” Nikasema sikumwona katika aya. Akafunga kitabu chake akaenda zake sokoni, maana mboga zilikuwa juani.