Owuor na Wageni Wake: Hatia na Mapenzi Katika Sinema ya Vita

Hadithi za mapenzi wakati wa vita ni nyingi duniani, na nyingi katika hizo zafanana. Kijana na msichana hupendana, vita hutokea, kijana huenda, na msichana hubaki akingoja barua. Hadithi za namna hiyo huliza watu machozi, lakini machozi hukauka upesi, kwa sababu mtazamaji hakuachiwa jambo la kufikiri. Lawama yote imetupiwa vita, na wapenzi wawili wametoka safi kama nguo iliyofuliwa. Hadithi iliyo bora hufanya kazi ngumu zaidi. Hutuonyesha kwamba vita huwasha moto, lakini baadhi ya kuni hukusanywa na watu wenyewe ndani ya nyumba zao.

Sinema ninayotaka tuipime katika insha hii ni ya namna hiyo ya pili. Jina lake kwa Kijerumani ni Nirgendwo in Afrika, maana yake Si Mahali Popote Katika Afrika. Iliongozwa na bibi mmoja Mjerumani, Caroline Link, ikatolewa mwaka 2001, na mwaka 2003 ikapewa tuzo ya Oscar kwa kuwa sinema bora ya lugha ya kigeni. Imetokana na riwaya yenye jina hilo hilo ya Stefanie Zweig, iliyotolewa mwaka 1995. Mwandishi huyo alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Ujerumani, akaletwa Kenya angali mtoto, akakulia hapa, kisha akarudishwa kwao mwaka 1947. Alifariki mwaka 2014. Basi riwaya yake ni maisha yake mwenyewe yaliyovishwa nguo ya hadithi. Sinema ilipigwa hapa hapa Kenya, na ndani yake Kiswahili husikika tangu mwanzo hata mwisho. Kwa sababu hizo yatuhusu sisi kuliko sinema nyingi zitokazo Ulaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Walter Redlich ni wakili, naye ni Myahudi. Serikali ya Hitler imewanyima Wayahudi haki zao, na Walter, kwa kuwa anaona mbali, anakimbilia Kenya na kupata kazi ya kusimamia shamba la mzungu huko Rongai. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao mdogo Regina wanamfuata. Walter alikuwa amemwagiza mkewe alete sanduku la barafu. Mkewe analeta gauni la karamu. Katika jambo hilo moja dogo mtunzi ametwambia yote tupaswayo kujua juu ya wawili hao. Mume amekwisha kuelewa kwamba maisha ya zamani yamekufa. Mke angali akidhani kwamba amekuja kutembea, na kwamba baada ya miezi michache atarudi kwa mama yake.

Vita vinapoanza mwezi wa Septemba 1939, jambo la ajabu linatokea. Waingereza wanawakamata watu hawa waliomkimbia Hitler, kwa kuwa hati zao zasema ni Wajerumani. Wanaume wanawekwa kambini. Wanawake na watoto wanafungiwa katika Hoteli ya Norfolk mjini Nairobi. Walter anapoteza kazi yake. Ili mumewe apate shamba jingine la kusimamia, huko Ol Joro Orok, Jettel anajitoa kwa askari mmoja wa Kiingereza. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi. Jamaa wanapata chakula na paa la kulalia, lakini kitu kimevunjika baina ya mume na mke, na hakuna awezaye kukitaja.

Sasa tujiulize: hatia ni ya nani? Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema ni ya Jettel. Lakini sinema haikubali jibu hilo rahisi. Jettel ametenda kosa kwa ajili ya kuokoa nyumba. Walter amekula matunda ya kosa hilo, kisha akamwadhibu mkewe kwa ukimya. Kadhalika wote wawili wana hatia nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni hatia ya kuwa hai. Huko kwao wamewaacha wazazi na ndugu. Barua huja mara chache, kisha huja fupi zaidi, na siku moja inakuja ile isemayo kwamba mama yake Jettel na dada yake wanapelekwa Poland. Walter anajua maana ya safari hiyo. Hakuna aliyewaua jamaa hao katika chumba kile cha Ol Joro Orok. Hata hivyo wote waliomo chumbani wanajiona kama washtakiwa. Mtu aliyeokoka peke yake hujiuliza daima kwa nini yeye, na swali hilo, asipopata wa kumwambia, humgeuza kuwa mkali kwa wale aliookoka pamoja nao.

Hivi ndivyo mapenzi yao yanavyopotea, na hapa naona ustadi mkubwa wa mtunzi. Hayapotei kwa sababu ya umaskini, maana katika siku za umaskini mkubwa kabisa walikuwa wakishikana mikono. Yanapotea kwa sababu kila mmoja anaficha huzuni yake kama mtu afichaye jeraha, na jeraha lililofichwa hunuka. Walter anaingia jeshi la Waingereza, naye akiwa mbali Jettel anajifunza kuendesha shamba. Yule mwanamke wa gauni la karamu sasa anajua majira ya mvua. Katika shida anasaidiwa na Süsskind, Mjerumani mwenzao anayempenda kimyakimya. Basi mabadiliko yao yanapishana njiani: mwanzoni mume alikuwa tayari kwa Afrika na mke hayuko tayari, mwishoni mke amekwisha kuwa mwenyeji, na mume anataka kurudi Ujerumani awe hakimu. Hawakosi kupendana, wanakosa kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Itatusaidia kuilinganisha sinema hii na nyingine ijulikanayo sana, Atonement, iliyoongozwa na Joe Wright mwaka 2007 kutokana na riwaya ya Mwingereza Ian McEwan ya mwaka 2001. Humo msichana aitwaye Briony anasema uwongo, na uwongo huo unampeleka kijana asiye na kosa gerezani, kisha vitani Ufaransa mwaka 1940. Anapokuwa mtu mzima na mwandishi, anajaribu kulipa deni lake kwa kuandika. Katika sinema zote mbili msimulizi ni msichana aliyekuja kuwa mwandishi. Walakini tofauti yao ni kubwa. Briony ni mkosaji, naye anaandika ili asamehewe, na waliokosewa hawapo tena wa kumsamehe. Regina ni shahidi tu. Ameona ugomvi wa wazazi wake kwa macho ya mtoto, wala hamhukumu hata mmoja. Kwa hiyo Atonement ni sinema ya hatia isiyolipika, nayo hukata moyo kama kisu. Hii ya Redlich ni ya hatia inayoweza kubebwa kwa zamu, kama mzigo mzito wa watu wawili.

Sasa nafika kwa Owuor, mpishi wa jamaa hao, aliyeigizwa na Mkenya mwenzetu Sidede Onyulo. Sisi wa Rangwe hatuhitaji kuelezwa jina hilo. Mtoto azaliwaye usiku wa manane huitwa Owuor, na katika darasa lolote hapa kwetu hakosi mmoja. Owuor ndiye anayemuuguza Walter alipopatwa na malaria. Ndiye anayemfundisha Regina Kiswahili. Walter anampa joho lake jeusi la wakili, kwa kuwa halina kazi tena, na Owuor analivaa kwa fahari. Jamaa wanapofukuzwa Rongai, yeye anawatafuta mpaka anawapata. Jettel anapofika anamdharau na kumtaka ajifunze Kijerumani; anamwambia achote maji, naye anakataa, maana kwao kuchota maji ni kazi ya wanawake. Miaka inapopita, ni Jettel anayejifunza lugha ya Owuor. Ukitaka kupima ukuaji wa Jettel, usiutazame uso wake, sikiliza Kiswahili chake. Mwanzoni hana hata neno la salamu. Mwishoni anafanya mzaha na mwanamke auzaye ndizi kando ya reli. Mtunzi ametumia lugha kama mizani ya utu, na hilo ni jambo la kusifiwa.

Onyulo aliigiza kwa heshima kubwa. Hachekicheki ovyo kama watumishi wa sinema za kale, wala hainami. Anapokaa kimya, ukimya wake una uzito. Hata hivyo yapasa tuseme na upungufu, maana mhakiki asiyetaja upungufu ni mpambe wa arusi, si mhakiki. Tunajua Walter amepoteza nini, na Jettel amepoteza nini. Owuor amepoteza nini? Naye ameacha nyumba yake akakaa miaka karibu kumi katika nyumba ya watu wengine. Jamaa zake mwenyewe hatuwaoni. Kwamba naye ana mapenzi yaliyo mbali, kwamba naye huenda anajilaumu usiku kwa ajili ya watoto wanaokua bila baba, ni mambo ambayo sinema haikutupeleka kuyatazama. Methali yasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Owuor amewafaa wageni wake kwa dhiki. Nani alimfaa Owuor?

Wala si yeye peke yake. Katika vita hivyo hivyo maelfu ya vijana wa Kenya walichukuliwa katika jeshi la King's African Rifles, wakapigana Abisinia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Wengi walitoka pande hizi za ziwa. Nao waliacha wachumba na wake. Nao walirudi, wale waliorudi, na kukuta mambo yamebadilika. Mwanamke wa Nyanza aliyekuwa akingoja habari kutoka Burma hakuwa na tofauti na Jettel aliyekuwa akingoja habari kutoka Ujerumani, ila kwamba hakuna aliyempigia sinema. Nasema hivi si kwa kumlaumu Stefanie Zweig. Yeye alisimulia aliyoyaona, na mtoto huona nyumba yake kwanza. Nasema hivi kwa sababu jina la kazi hii lataka kujibiwa. Kwa Jettel, Rongai si mahali popote. Kwa Owuor, na kwetu sisi, kila kilima kina jina na kila njia yaelekea kwa mtu fulani.

Na mwisho wake je? Nzige wanashambulia mahindi, na mume ambaye moyo wake ulikwisha kuelekea Ujerumani anasimama pamoja na mkewe kuwafukuza kwa kelele na moshi. Katika kazi hiyo wanapatana. Baadhi ya watazamaji huona kwamba mapatano haya yamekuja upesi mno, na mimi nakubaliana nao kidogo. Nzige hawaondoi hatia. Hatia ile ya Hoteli ya Norfolk yabaki haijasemwa sawasawa. Lakini katika nyumba nyingi mambo huenda hivyo hasa. Watu walionyamaziana kwa miaka hupatanishwa na jembe kabla ya kupatanishwa na maneno. Kilichonigusa zaidi ni kuondoka kwa Owuor. Anajua kwamba wageni wake watakwenda zao, basi anatangulia kuondoka yeye, ili asiwe mtu aliyeachwa. Katika tendo hilo pana hekima kuliko katika mabishano yote ya mume na mke, na ndipo sinema inapokiri, bila kusema neno, kwamba mtu huyu naye alikuwa na moyo wa kuvunjika.

Kwa jumla, naihesabu kuwa kazi nzuri yenye jicho moja kali na jingine lililofumba. Wanafunzi watakaopata nafasi ya kuitazama, naomba waitazame mara mbili. Mara ya kwanza wamfuate Jettel, wajifunze jinsi mapenzi yanavyopotea kwa kunyamaza na jinsi yanavyorudishwa kwa taabu. Mara ya pili wamfuate Owuor peke yake, kila atokeapo na kila atokapo, na wajiulize anakwenda wapi akitoka katika picha. Jibu halimo ndani ya sinema. Limo katika nyumba za babu na bibi zetu, kwa wale walioishi miaka ile au waliosimuliwa na waliyoiishi, na halijaandikwa bado. Kalamu mnazo, wazee hawatakaa milele.